Katekista Aliyechimba Kaburi Akanyamaza

Katekista wetu alikuwa mtu wa mabuti. Huku kwetu milimani, juu ya mji wa Tukuyu, mvua haipumziki kwa maana ya kupumzika, na yeye alikuwa na mabuti meusi ya mpira yaliyomfika karibu na magoti. Alivaa shambani, alivaa sokoni, na Jumapili alivaa kanzu nyeupe juu yake. Akienda altareni ulisikia mabuti kwanza, ndipo ukamwona mwenyewe. Watoto walimwiga mwendo nje ya kanisa. Alijua, na kwa hilo hakuwakemea. Aliwakemea kwa kuchelewa.

Kuchelewa kulimuudhi kuliko dhambi nyingi. Kengele ya kigango chetu, tawi dogo la parokia, ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, na aliigonga mwenyewe kwa kipande cha nondo. Akishagonga mara ya pili alifunga mlango wa darasa la mafundisho, na aliyekuwa nje alibaki nje. Siku moja binti yangu Tusajigwe alifungiwa nje pamoja na mtoto wa mwenyekiti wa kigango, na mvua ilikuwa inanyesha. Nilisikia, nikaenda nikiwa nimejaa maneno. Nikamkuta Katekista amesimama kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo. Uso wake umegeukia ndani, anawauliza watoto amri za Mungu. Mkono wake mmoja umetoka nje, umeshika mwavuli juu ya vichwa vya hao wawili. Mkono wa kanzu ulikuwa umelowa mpaka begani.

"Katekista, si uwaingize tu?"

"Wamechelewa, Mama Tusa."

"Sasa mwavuli wa nini?"

"Kuchelewa ni kosa. Kulowa si kosa."

Nilirudi nyumbani na maneno yangu yote. Mtu wa namna hiyo unamfokea vipi? Nimemjua tangu nilipoolewa katika kijiji hiki, na karibu kila nilipotaka kumpenda alinikwaza, na nilipotaka kumchukia alinyoosha mkono wenye mwavuli.

Kushona kanzu alikwenda mjini, mtaa wa Bagamoyo, kwa fundi mmoja Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Wale wawili walitaniana kama mashemeji. Nilikuwepo siku moja nikisubiri sare ya mtoto, fundi akainua ile kanzu juu kwenye mwanga, akasema, "Katekista, nguo hii imetubu kuliko wewe. Iache ipumzike." Katekista akamjibu, "Wewe shona. Siku nikija kuzikwa ndani yake ndiyo utaiacha." Wakacheka. Alikuwa akizungumza juu ya kuzikwa kirahisi hivyo, kama mtu anayezungumza juu ya kwenda mnadani. Hiyo ilikuwa kabla ya mgogoro.

Kazi yake nyingine ilikuwa kutafsiri. Mabibi zetu wengi Kiswahili wanakisikia kwa mbali, Kinyakyusa ndicho chao. Paroko alipokuja kigangoni na pikipiki yake, mara moja kwa mwezi, alihubiri kwa Kiswahili, na Katekista alisimama pembeni akaigeuza kila sentensi. Makatekista wengine nimewasikia, wanaongeza chumvi au wanapunguza. Wetu hakuongeza wala kupunguza. Padre akikosea alitafsiri kosa. Padre akikohoa alisubiri.

Huyo paroko alikuwa ametoka mbali, mkoa mwingine. Sitaki kumsema vibaya kuliko alivyokuwa. Alikuwa mchapakazi, alifika hata njia zikiwa tope tupu, na wagonjwa hakuwasahau. Ila alikuwa na mdomo. Jumapili moja, baada ya msiba mkubwa uliokula wiki nzima, alisimama akasema, "Ninyi watu wa huku mnalia kwa midomo, lakini mnaokuja msibani ni matumbo." Sisi tuliosikia Kiswahili tulitazama chini. Nikamwangalia Katekista, nikisema moyoni, hili ataliacha. Hakuliacha. Alilitoa kwa Kinyakyusa, neno kwa neno, kwa sauti ileile aliyosomea matangazo ya ndoa. Mabibi wakanguruma. Mmoja akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akatoka nje bila kupiga goti.

Padre akauliza, "Umewaambia nini?"

"Ulichosema, Baba."

"Ungelainisha kidogo."

"Ungelainisha wewe, Baba. Mimi nafikisha tu."

Watu wakacheka, na padre mwenyewe akacheka kidogo. Laiti tungeishia kwenye kicheko kile.

Lazima nieleze juu ya ng'ombe, maana asiye wa huku anaweza kushangaa. Kwetu msiba bila nyama ni aibu. Watu wanatoka mbali, wanakaa chini ya turubai na juu ya majani ya migomba, na ng'ombe anachinjwa. Mkwe wa marehemu analeta wake, ndugu wanaleta wao, na asiyekuwa na wa kuleta anatafuta. Ukizika bila kuchinja, watu wanasema umemfukia mtu kama mbwa. Lakini pia ni kweli kwamba watu wanakwenda nyumbani wameshiba, na wajane wanabaki na zizi tupu. Padre aliliona hili. Alikuta nyumba moja ng'ombe wa maziwa pekee amechinjwa, na watoto wa marehemu wanakunywa uji mkavu. Alirudi parokiani amekasirika, na Jumapili alipokuja tena kigangoni akatoa amri: penye kuchinja ng'ombe hapana Misa ya mazishi, wala katekista hatasali pale, na nyumba hiyo haitapokea Komunyo mpaka paroko aongee nayo.

Katekista aliitafsiri amri ile. Na ajabu ni kwamba juu ya ng'ombe alikubaliana naye zamani. Nilimsikia mwenyewe kabla padre hajafika parokia yetu, akisema kwenye jumuiya, "Tunakula maziwa ya watoto wa marehemu." Ila nje ya kanisa siku ile nilimsikia akimwambia padre, "Baba, ungewafundisha wazima. Umeamua kuwaadhibu maiti." Padre alivaa kofia yake ya pikipiki akaondoka. Katekista alibaki amesimama. Hakuikubali ile amri, lakini aliishika. Ndivyo alivyokuwa.

Wa kwanza kati yetu kukutwa na amri hiyo alikuwa mume wangu.

Baba Tusa aliugua kifua, akafa. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimekaa sakafuni karibu naye, na ndani mjane haulizwi jambo. Nilisikia ng'ombe akilia nje, nikamjua sauti. Alikuwa ng'ombe wangu wa maziwa. Mashemeji zangu hawakutaka aibu. Walipokuja kuniambia alikuwa ameshachunwa. Kaka mkubwa wa marehemu akasema, "Shemeji, usijali, padre atakuja tu, hawezi kumwacha Mkristo." Hakuja. Alituma neno kwamba hatakuja.

Katekista alikuja. Alikuja alfajiri na jembe, akachimba na vijana. Ardhi yetu ni nyeusi na laini, lakini mizizi ya migomba ni mingi, na yeye ndiye aliyeshuka shimoni kuikata. Alipotoka, jeneza likashushwa. Tukangoja. Watu wote walimwangalia yeye. Alisimama na udongo magotini, ameshika kofia, kimya.

Nikamwambia mbele ya watu, "Katekista, hata Baba Yetu?"

"Nimekatazwa, mama."

"Yeye alikuwa anakuja kila Jumapili. Alikuimbia kwenye kwaya."

"Najua."

 Bibi mmoja akaanza sala peke yake kwa Kinyakyusa, tukamfuata bila mpangilio, wengine wakilia. Midomo ya Katekista haikusogea. Niliitazama. Kisha akachukua jembe akawa wa kwanza kurudisha udongo.

Ndivyo nilivyobaki, bila ng'ombe na bila Misa. Padre alisema anawatetea wajane, mashemeji walisema wanamheshimu ndugu yao, na mimi niliyekuwa mjane mwenyewe hakuna aliyeniuliza. Kilichoniuma zaidi hakikuwa maziwa. Niliuona mdomo uliotubariki tulipokuwa wachumba umefungwa juu ya kaburi la mume wangu. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo, nikachuma chai nalo.

Baada ya hapo kigango kilichemka. Wazee walikwenda kwa askofu, wakaambiwa wawe na subira. Kwaya tuligoma. Padre alikuja akaimba utangulizi, hakuna aliyeitikia isipokuwa Katekista peke yake kule mbele, na sauti yake haikuwa ya kuimba peke yake, ilikwaruza. Kisha mwenyekiti wa kigango akaitisha kikao nje ya kanisa, akataka ufunguo. Alisema padre akija akute mlango umefungwa.

Katekista akasema, "Ufunguo huu nilipewa nifungue."

"Ufungue! Wewe unayewafungia watoto kwenye mvua?" Watu wakaangua kicheko.

Na yeye akatabasamu. "Darasa nafunga. Kanisa sifungi."

"Basi tuambie leo, wewe ni mtu wetu au ni kanzu ya padre?"

"Kanzu haichimbi kaburi, Mwenyekiti. Baba yako nani alimchimbia?"

Tangu siku ile watu wengi waliacha kumsalimia Katekista. Akisema "Mugonile" njiani, walipita. Hata mke wake alinyimwa moto na majirani, na alikuwa mwanamke mpole asiye na ugomvi na mtu. Mimi nilimsalimia, lakini kwa mdomo tu.

Kisha mke huyo akafa.

Nilikwenda, kama inavyotakiwa. Wote tulikwenda, hata waliokuwa hawamsalimii, na siwezi kusema wote tulikwenda kulia. Wengine walikwenda kuangalia. Padre alikuwa ametuma neno kwamba atakuja mwenyewe na Misa kubwa, maana alijua Katekista hatachinja. Mwenyekiti alikuwa amekaa chini ya turubai akinong'ona, "Leo ndiyo leo." Na hapo akatokea mkwe wa Katekista, kutoka Kisiba, anavuta dume jeusi zuri. Kijana wa watu hakujua mambo yetu, au alijua akayapuuza. Alimpenda mama mkwe wake. Akamfunga yule ng'ombe kwenye mgomba, akaja akapiga magoti mbele ya Katekista.

Katekista akamwambia taratibu, "Mwanangu, mrudishe."

Kijana akaanza kulia kama mtoto. "Tata, nimrudishe nipite naye kijijini kwetu? Waseme mama amenikataa? Nimekosa nini?"

 Katekista alimtazama yule ng'ombe, akamtazama kijana, kisha akatazama mlango wa nyumba ambamo mkewe alikuwa amelazwa.

"Hujakosa," akasema. "Ni mama yako pia. Mchinjeni."

Wanaume wakainuka kwa kelele. Mwenyekiti akamjia amenyoosha mikono miwili. "Sasa umerudi kwetu!"

"Sikuwa nimeondoka. Kaa chini." Akapita katikati yao, akashuka kuelekea barabarani.

Mimi nilitumwa kuni za msiba, na nikipandisha na mzigo kichwani nilimkuta bado amesimama kwenye kona ambapo njia ya kwake inaanzia. Pikipiki ya padre ikaja, begi la mavazi ya Misa limefungwa nyuma. Katekista akainua mkono.

"Baba, usishuke. Ng'ombe amechinjwa."

Padre alizima injini. "Nani kachinja?"

"Nimeruhusu mimi."

 Padre akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu wa kawaida, "Katekista, wewe ni tofauti. Umelitumikia kanisa hili tangu mimi sijawa padre. Nitamzika mama. Watu wataelewa."

Katekista akageuka, akanionyesha kwa mkono, mimi na kuni zangu. "Huyu mama, mume wake alipokufa ulisema hapana, nami nikamwambia hapana. Nikikubali leo nitamtazamaje?"

"Lakini anayezikwa leo ni mke wako, mzee wangu!"

"Najua ni nani wangu."

Padre alivua kofia yake ya pikipiki, akaivaa tena, akageuza. Pale mbele kwenye mianzi alisimama muda mrefu, ameinama juu ya usukani, kabla hajaendelea.

Nami nitasema nilivyohisi, hata kama wengine wangetaka niseme nilifarijika. Sikufarijika. Nilitaka kumwambia, Katekista, mwache asali, usinitaje mimi. Mimi nilitaka Baba Tusa apate Misa, sikutaka mke wa Katekista akose. Lakini kuni zilikuwa kichwani, na yeye alikuwa ameshaanza kupanda. Mkewe alizikwa kama alivyozikwa mume wangu, kwa sala ya mabibi. Katekista alishika kofia yake, midomo imefungwa. Nyama ililiwa. Yeye hakula.

Jumapili ya padre iliyofuata, Katekista hakuvaa kanzu. Alifungua kanisa, akagonga rimu, kisha akakaa nje, kwenye jiwe chini ya dirisha, kwa sababu amri ilisema nyumba iliyochinja haipokei Komunyo, na nyumba hiyo sasa ilikuwa yake. Hakuna aliyemwambia akae nje. Padre alipoanza kuhubiri, mabibi wakageuza vichwa kumtafuta wa kutafsiri.  Na kutoka dirishani tukasikia sentensi ya padre ikirudi kwa Kinyakyusa, safi, mpaka mwisho. Padre akasita, akaendelea na sentensi ya pili. Ikarudi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila alipokuja, miezi mingi, padre ndani na mkalimani nje, siku nyingine mvua ikimnyeshea. Mabibi walihamia benchi za upande ule. Mtu mmoja aliyeingia kutoka Igogwe kututembelea aliuliza kwa nini yule mzee hakaribishwi ndani. 

Padre alihamishwa baadaye, kwa utaratibu wa kawaida, bila mshindi. Aliyemfuata ni kijana, mpole. Ile amri hakuifuta. Hakuirudia tu, ikapotea kama njia isiyopitwa. Alisoma Misa moja kwa ajili ya marehemu wote waliozikwa bila Misa, akawataja, mume wangu na mke wa Katekista nao wakatajwa. Nilikwenda. Ilikuwa Misa nzuri. Kwaya tuliimba. Mwenyekiti alisoma somo la kwanza kwa sauti kubwa, na nje watu walishikana mikono kama hakuna lililotokea. Nikarudi nyumbani, nikapita kaburini nyuma ya nyumba, nikaona kwamba kwangu jambo bado halijaisha. 

Katekista amekufa mwaka huu, mvua zilipokuwa nyingi. Alizikwa ndani ya kanzu yake, kwa Misa, mapadre kadhaa, na ng'ombe walichinjwa zaidi ya mmoja, na hakuna aliyesema neno. Waliomsifu walisema alikuwa nguzo ya kanisa. Mwenyekiti alilia mpaka akashikwa. Mimi nilikaa na wanawake, nikifikiri juu ya siku aliyokuja kwangu, wakati miguu ilikuwa imeanza kumwishia.

Alikuja mchana, na fimbo. Alisema amepita kuomba miche ya migomba, lakini macho yake hayakuwa kwenye migomba. Nikampa kigoda, nikampa chai. Tukaongea juu ya bei za maparachichi, juu ya Tusajigwe aliyepata kazi Mbeya. Kisha maneno yakaisha, na mimi nikauliza nililokuwa nalo miaka yote.

"Tata, siku ile tulipomzika Baba Tusa, watu wanasema ulisali moyoni. Ni kweli?"

Ingekuwa rahisi kwake. Ningemwamini. Alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema. "Sikusali. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nawaza nikifungua mdomo padre atasikia, ataniondoa, na mimi sijui kitu kingine cha kufanya duniani. Nilikuwa nasema moyoni, chimba, fukia, nenda nyumbani. Ni hilo tu lilikuwa moyoni."

Jogoo aliwika kwa jirani. Sikujua hasira yangu ilikuwa imekaa karibu hivyo. Ilinijia mpaka masikioni. Na palepale chini yake nikahisi kitu kama kupumua. Katika watu wote walioniambia mambo juu ya siku ile, huyu ndiye aliyeniambia lilivyokuwa.

"Na kwa mkeo?"

"Kwa mke wangu nilitaka kusali. Nikaona sistahili kumpa yeye nilichokunyima wewe."

Nikasimama. "Basi njoo."

Nyuma ya nyumba kaburi lina saruji, migomba imelizunguka. Alitembea polepole, nikamshika kiwiko kwenye utelezi. Akavua kofia. Alidhani nataka sala za kitabuni, akaanza kuzisema, nikamwambia, "Si hizo. Hizo padre kijana ameshazisema. Mwambie wewe."

 Akasema na marehemu kwa Kinyakyusa, kama mtu anayeongea na mwenzake upande wa pili wa mto. Akamwita jina lake. Akamwambia, mimi ndiye niliyekukatia mizizi hapa. Akamwambia, niliona wameshusha jeneza, na mke wako aliniomba, na mimi nilinyamaza. Akamwomba Kyala, Mungu wetu, ampokee mtu huyu, aliyekuwa anaimba sauti ya chini bila kukosea, aliyekuja kanisani hata miguu ikiwa na tope. Kisha akanigeukia.

"Inatosha, mama?" akaniuliza.

"Bado," nikasema.

Akaweka fimbo chini, akaanza tena.